Kibuyu cha Baba

Kila Jumamosi alasiri vijana wa kanisa letu walikuja kukaa barazani kwangu mjini, mtaa wa Utemini, na mimi niliwapa chai kabla ya kuwapa neno. Wazee wa kanisa hawakuipenda chai hiyo. Walisema nawafundisha watoto kumfuata Yesu kwa ajili ya maandazi. Niliwajibu kwamba mtu aliyezoea kushika kikombe cha pombe kila jua likizama huwezi kumwambia akae mikono mitupu, lazima umpe kikombe kingine. Hawakukubali. Mimi ni fundi cherehani, nina mdomo, na hakuna mwingine aliyejitokeza kuwafundisha vijana wale, kwa hiyo waliniacha na maandazi yangu.

Uchungaji sikuusomea. Nilichokuwa nacho ni hasira. Nimekulia kijijini Issuna, kwenye nyumba ambayo pombe ya mtama ilikuwa na kiti chake, na nilikuwa nimechoka kusikia mahubiri ya acha hiki, acha kile, halafu mtu anarudi nyumbani kwake hana la kufanya mpaka giza liingie. Mimi niliwauliza vijana wangu maswali ya kishonaji. Tabia yako inakujia saa ngapi? Unakuwa na nani? Mkono wako unakuwa umeshika nini? Tukishajua hayo, tulitafuta kiraka cha kipimo kile kile. Aliyekuwa anabeti kwenye simu kila mechi ikianza, tulimpa watoto wa shule ya Jumapili awafundishe mpira saa hizo hizo. Mvuta sigara alitembea na karanga mfukoni mpaka tukawa tunamcheka kwamba atageuka panya. Wengine walishoneka, wengine walifumuka tena, na sikumfukuza mtu.

Tulikuwa pia na sheria moja ya wote. Ukialikwa mahali penye pombe, iwe harusi, iwe mavuno, iwe kwenu ulikozaliwa, huendi peke yako. Unakwenda na wenzako wawili, wakusimamie. Sheria hiyo waliitunga vijana wenyewe, mimi niliibariki, na niseme ukweli, iliwasaidia wengi. Ukiwa peke yako kati ya wajomba zako ni rahisi kulegea. Ukiwa na wenzako wawili waliosali na wewe asubuhi, unakumbuka wewe ni nani.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa wa kwanza kuingia darasa langu na wa mwisho kuaminika. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mikono ya dhahabu, lakini mageti ya watu yalikuwa yanalala karakana wiki nzima kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelala. Nilimleta kwangu nikamgombeza miaka. Siku alipookoka sikushangilia, nilisema tutaona. Zile jioni za mwanzo alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango akijipigapiga magoti, macho yakiwa barabarani, na mimi moyoni namhesabu kama mtu aliyekwisha kwenda. Nikampa bustani yangu ya vitunguu nyuma ya nyumba. Jua likianza kushuka anachukua ndoo, anamwagilia, akimaliza anamwagilia tena. Vitunguu vingine vilioza kwa maji mwaka ule, na mimi nikapanda upya.

Akakaa. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, akawa kijana wa kutumwa. Akapata mchumba msichana wa Itigi, mtoto wa watu wanaouza asali, mpole kuliko sisi wote. Akapanga kuhamia huko, afungue karakana yake karibu na stesheni. Tulikuwa tunapanga mambo ya barua ya posa pale baba alipougua.

Baba alikuwa Mkristo wa kubatizwa utotoni na kuzikwa uzeeni. Katikati hapo alikuwa mtu wa kilabu. Si mlevi wa kupiga watu, hapana, alikuwa mlevi wa kuchekesha, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulichukia. Alipoanza kuvimba tumbo mama alimleta hospitali mjini, wakasema ni ini, na kwa majuma kadhaa alilala kwangu, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama baraza. Kwa hiyo kila Jumamosi, alitaka asitake, alikuwa mwanafunzi wangu.

Vijana wakiondoka alikuwa ananiita. Baba aliniita mama, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mama, mmewanyang'anya watoto wa watu kikombe. Mnawapa nini?"

"Tunawapa kingine, baba."

"Kipi?"

"Leo chai. Kwenye harusi tunapika togwa. Unga ule ule, kimea kile kile, tunainywa kabla haijachacha."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo Yesu wenu anafika mapema tu, kabla pombe haijaiva."

Nilikasirika, nikamwambia asinichezee imani yangu ndani ya nyumba yangu. Akasema hachezi, anauliza. Jumamosi iliyofuata aliniuliza tena, safari hii bila kucheka, kama ile togwa tunaiweka kwenye vikombe vya dukani au kwenye kibuyu. Nikasema chombo hakina dhambi, baba, tunaweka popote. Akaitikia kwa kichwa akageukia ukutani. Sikufikiria zaidi. Nilidhani ni maneno ya mgonjwa anayetafuta pa kupitishia siku.

Madaktari walipotuambia tumrudishe nyumbani tulijua maana yake. Alirudi Issuna akiwa amelazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama. Baada ya muda si mrefu akapiga simu kwamba anamtaka mwanawe aende akabarikiwe.

Hapa lazima nieleze. Kwenye ukoo wetu mtoto wa kiume akitaka kutoka kwenda kuanza maisha yake, baba humbariki kwa kibuyu. Baba huonja kwanza, humpulizia mtoto kifuani kidogo, husema maneno yake, kisha humpa kibuyu mtoto anywe. Mtoto akinywa, baraka imeshuka. Asipokunywa, haijashuka, na hakuna mtu mwingine wa kuishusha baada ya baba kufa. Mchungaji anaweza kukuombea mpaka sauti ikauke, wajomba watakuangalia hivi hivi tu. Na kilichokuwa kwenye kibuyu, kwa vizazi vyote ninavyovijua, ni pombe.

Mdogo wangu hakulala vizuri tangu simu ile. Nilimkuta bustanini hana ndoo.

"Dada, nataka baraka ya baba kuliko kitu chochote," alisema. "Hata huyu msichana, nikimwoa bila baba kusema neno, nitakuwa nimemwiba."

"Mwombe akubariki kwa maneno."

"Na akikataa?"

Nilimwambia Mungu atatengeneza njia, maneno tunayosema tukiishiwa. Vijana wawili wa kundi wakajitolea kumsindikiza, kama ilivyo sheria. Mimi nikafunga mashine, tukapanda basi la kwenda Manyoni sote wanne, tukashuka Issuna jua likiwa bado kali.

Mama alikuwa jikoni, akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine una unga. Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema kitu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na wale vijana wakimwamkia, shikamoo mama, shikamoo mama, akaanza kuwatafutia pa kukaa. Baba akaita kutoka ndani kwamba asicheleweshewe mtoto.

Chumba kilikuwa kidogo. Baba alikuwa ameegemezwa kwa magunia ya alizeti, amepungua mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Mdogo wangu akaingia akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nilisimama nyuma kabisa, upande wa miguu, kwa sababu mwanamke hasogei kwenye jambo lile. Wenzake wawili walibaki mlangoni, Biblia mkononi, midomo ikienda taratibu kwa maombi. Mama alibaki jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na askari."

"Ni wenzangu, baba."

"Nawaona. Karibuni." Akavuta kibuyu kutoka ubavuni. Akakibana na kifua, akaonja. Akampulizia kifuani. Akasema maneno ya baraka kwa Kinyaturu, polepole, lugha ile aliyokuwa anaitumia tukiwa wadogo akitubeba kuvuka korongo wakati wa mvua: uende ukute maji, uende ukute watu, mke wako akuone, watoto wako wakujue. Nilikuwa nalia bila kujizuia. Kisha akamnyooshea kibuyu.

Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili. Akakisogeza karibu na uso. Akakaa hivyo. Nilikuwa naona mgongo wake tu, na nilikuwa naomba kwa mnong'ono, kwa nguvu zote, asinywe. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona miaka yote ile ya ndoo na vitunguu imesimama kwenye mdomo wa kibuyu kimoja.

"Baba, nisamehe," alisema. "Siwezi. Mimi ni mtu wa Yesu. Niombee kwa mdomo tu."

Akakirudisha. Baba hakukipokea, ikabidi mdogo wangu akiweke sakafuni, kando ya mguu wa kitanda. Kisha baba akasema, "Haya," akalala akageukia ukutani. Mlangoni mmoja wa wale vijana alisema haleluya, kwa sauti ya chini, na mimi moyoni nikasema amina.

Hakuzungumza nasi tena siku ile zaidi ya kutuambia twende salama. Alikufa kabla ya juma kwisha. Tulimzika Issuna, udongo mwekundu, upepo ule wa kwetu unaokung'oa kitambaa kichwani. Wajomba walizika vizuri, lakini walipopangana kushika majembe walimpita mdogo wangu kama hawakumwona. Alisimama na wanakwaya.

Siku matanga yalipoanuliwa mimi na mama tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba. Mama akachukua kile kibuyu, akaanza kukisuuza, akaacha.

"Ilikuwa togwa," alisema.

Nilidhani anazungumzia ya wageni.

"Ya siku ile. Aliniambia nipike togwa. Alisema ulimfundisha kule Utemini, kwamba mnapika hivyo harusini, na kwamba chombo hakina dhambi. Nilikaa na kimea mwenyewe, nikachuja mwenyewe. Alionja akasema imekaa kama maziwa ya mtoto, lakini ndiyo wanayoitaka watu wa Yesu, basi."

Niliweka sufuria chini.

"Mbona hakusema?"

"Nilimwambia amwambie mapema. Akakataa. Akasema mtoto ana pua, atanusa, atajua, atacheka. Alitaka amwone akicheka. Alikuwa amelifikiria jambo hilo siku nzima kama mtu anayeficha zawadi." Mama alinitazama. "Usimwambie mdogo wako. Utamwua."

Niliona uchungu ambao sijui niuelezeje. Mtu aliyetucheka barazani alikuwa ndiye pekee aliyelisikia somo langu lote mpaka mwisho. Hakusema acha. Alimtafutia mwanawe kikombe kingine. Na sisi tuliookoka tulikwenda na askari wawili tukamgeuzia mgongo.

Nilirudi Utemini na siri hiyo. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kunyamaza mbele ya mdogo wangu, kumbe kazi ilikuwa kunyamaza mbele ya watu. Wale wenzake wawili walikuwa wameshasimulia. Jumapili ya kwanza mchungaji alimwita mbele atoe ushuhuda. Alisimama, akasema kwa maneno machache kwamba baba yake alimpa kibuyu akiwa kitandani pa kufa, naye akakataa kwa ajili ya Kristo. Kanisa lililipuka kwa makofi na vigelegele. Akina mama walimrushia vitenge. Mimi nilikuwa kiti cha tatu na nilipiga makofi pia, kwa sababu wanaokaa kimya huulizwa.

Ushuhuda ukapata miguu. Akaitwa Ikungi, akaitwa makanisa ya mjini, kwenye makongamano ya vijana wakawa wanamtambulisha kama kijana aliyeshinda kibuyu. Nilikuwa nakasirika nikisikia jina hilo kiasi cha kukata uzi kwa meno. Yeye mwenyewe hakuwa na furaha nalo, alirudi kutoka huko amenyong'onyea, hapati usingizi, chakula hakimpiti. Nilidhani ni msiba.

Kisha binti mmoja wa darasa langu, anayesomea ualimu, alinifuata kwenye mashine. Bibi yake aliyemlea alikuwa amezeeka sana kule kijijini na alitaka kumbariki kabla hajafa.

"Mwalimu, nimeshaamua," alisema. "Nitakataa kama kaka alivyokataa. Nimeomba Mungu anipe ujasiri ule ule."

"Bibi yako anabariki kwa kitu gani?"

"Sijui. Sijauliza. Nitakataa tu."

Alikuwa na uso mzuri wa mtu anayetaka kumpendeza Mungu. Nikamwambia nenda kamuulize bibi yako, kaa naye, mnuse mikono, kunywa anachokupa kama hakitakulewesha, na usiende na mtu. Alinishangaa. Akaniuliza kwani kaka alikosea? Nikasema nitakujibu. Alipoondoka nilijua kwamba siwezi tena kumtii mama.

Mdogo wangu alikuja alasiri hiyo hiyo na suruali ya kupunguza miguu. Kesho yake ilikuwa safari ya Itigi, kwa wazazi wa mchumba wake, na kule pia walikuwa wamemwandalia mkutano wa kushuhudia. Alikaa kwenye kigoda cha wateja akanitazama nikipima pindo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya taratibu, ya kumwandaa kwanza. Yote yakanitoka. Nikasimamisha mashine.

"Ilikuwa togwa," nikasema. "Kwenye kibuyu cha baba. Mama aliipika. Baba ndiye aliyeagiza, kwa ajili yako."

Nilimsubiri aanguke. Nilikuwa nimeshasogeza kiti nimdake.

Hakuanguka. Aliangalia mikono yake.

"Najua, dada."

"Mama alikwambia?"

"Nilinusa."

Nje pikipiki zilikuwa zinapita, muuza maji akipiga kengele. Nikamwambia arudie, nikidhani sikusikia vizuri.

"Nilipokisogeza usoni nilinusa. Ilinukia kimea kitamu tu. Ile yetu ya harusini. Nilijua kabla hata haijafika mdomoni."

"Sasa kwa nini?"

Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya yule mtoto niliyekuwa namfungia viatu.

"Wenzangu walikuwa mlangoni. Kule mlangoni harufu haifiki. Wao wangeona kibuyu, wangeona nimekunywa. Ningewaeleza, wangesema sawa, na wasingeamini. Wewe mwenyewe ulikuwa nyuma yangu, dada. Nilikuwa nakusikia unavyoomba."

Nilitaka kusema mimi ningeamini. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza swali hilo kabla hajamaliza kusema, na sikupenda jibu nililolipata. Nilimshika bega. Alikuwa anajipigapiga magoti, kama zile jioni za kwenye ngazi.

"Angalau baba hakujua," nilimwambia. "Alidhani umefikiri ni pombe. Alikufa akijua mwanawe ni mtu wa msimamo. Shikilia hilo."

Alitikisa kichwa.

"Baba alikuwa ananiangalia, dada. Aliniona nikinusa. Aliona nimejua. Alikuwa ameshaanza kucheka, na mimi pia, kidogo, tukaangaliana. Ndipo nikamwambia siwezi."